Stori ya Staa Imekuangukia Bagamoyo: Gazeti, Mtandao, Meneja au Kimya?

Binti wa jirani yangu hapa Magomeni, Bagamoyo, anafanya usafi wa vyumba kwenye hoteli moja ya ufukweni. Juzi baada ya magharibi alikuja barazani kwangu, akaniamkia, akakaa ukingoni mwa mkeka, akanipa simu yake bila kusema neno. Ilikuwa video ya sekunde kumi na nne. Mwanamuziki ambaye nyimbo zake zinapigwa kwenye kila bajaji ya mji huu anashuka garini, nyuma yake kuna mwanamke aliyejitanda mtandio mpaka puani, wanapita chini ya minazi, mlango unafungwa.

"Shangazi, watu wananiambia hii ni hela," akasema. "Niipeleke wapi?"

Alikuja kwangu kwa sababu anajua niliwahi kuifanya kazi hiyo. Kwa miaka kadhaa niliandikia magazeti ya udaku nikiwa hapa hapa Bagamoyo, nikilipwa kwa stori. Mji wetu ni mdogo, lakini hauishiwi mastaa. Kuna TaSUBa, ambayo watu wa rika langu bado tunaiita Chuo cha Sanaa, inayofundisha ngoma, muziki na maigizo tangu 1981, na tamasha lake la kila mwaka hujaza nyumba za wageni. Kuna watengeneza filamu wanaokuja kupiga picha Mji Mkongwe na kwenye magofu ya Kaole. Na kuna hoteli za pwani, ambako mtu wa Dar es Salaam akiendesha kilomita sabini hivi anahisi amefika mahali pa kupumzika mbali na macho ya watu. Mlinzi wa geti, mpishi, dereva wa bodaboda na binti wa vyumba, wote wana simu.

Kwa aliyeshika stori ya namna hii, njia ziko nne: gazeti la udaku, mtandao, msanii mwenyewe kupitia meneja wake, au kukaa kimya. Wengi wakizilinganisha huuliza ipi inalipa. Mimi nitazilinganisha kwa swali jingine: kesho ukigundua kwamba ulichosema si kweli, utaweza kukirudisha? Naanza na hilo kwa sababu zamu yangu ilipofika sikuliuliza.

Niliyoiuza mimi

Ilikuwa 2007. Filamu za Kibongo zilikuwa zimejaa kila kibanda cha kukodisha, na sura ya mwigizaji ukurasa wa mbele iliuza gazeti kabla ya saa nne asubuhi. Mlinzi mmoja aliniambia kuwa mwigizaji fulani wa kike amelala hotelini kwao na mwanamume mtu mzima mwenye gari zuri. Nilimuuliza waliingia saa ngapi, walivaa nini, walikula nini. Sikumuuliza yule mwanamume ni nani. Niliandika kurasa mbili kwa mkono, nikaenda intaneti kafe, nikatuma.

Mhariri alinipigia mara moja tu, kuuliza kama nina picha. Nikasema sina. Akasema wanayo ya maktaba. Stori ilipotoka ilikuwa na ule mstari tunaoujua sote, kwamba mhusika alipotafutwa kwa simu, iliita bila kupokelewa. Mimi sikumpigia, na sikuwahi kumwuliza mhariri kama yeye alipiga. Nililipwa shilingi 15,000.

Juu ya stori waliandika "Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo". Kwa msomaji wa Mwanza jina hilo lilinificha. Hapa Mwandishi Wetu alikuwa mmoja, na watu wote waliijua nyumba yake. Siku ya tatu mama mzazi wa yule mwigizaji alisimama mlangoni kwangu akapiga hodi. Hakupaza sauti. Nilimpa kiti cha plastiki, akakaa, khanga ya msiba bado kichwani, gazeti amelikunja mara nne mkononi. Akaniambia, "Mwanangu, yule ni shemeji yangu. Alikuja kumzika mama yake."

Mwanamume wa kwenye stori alikuwa baba mdogo wa yule dada. Bibi yao alikuwa amefariki, akazikwa Kaole. Nyumba ya msiba ilijaa mpaka uani, ndiyo maana wakaenda kulala hotelini, kila mtu chumba chake. Mtu yeyote wa Kaole angeniambia hivyo kwa nauli ya daladala.

Nilimpigia mhariri siku ile ile. Aliniambia niandike, watatoa masahihisho. Yalichukua wiki tatu. Yalitoka ukurasa wa saba, chini kabisa, kwenye nafasi isiyozidi kiberiti, pembeni ya nyota za wiki na tangazo la mganga. Yalisema kwamba katika toleo lililopita kulikuwa na habari iliyomhusu mwigizaji huyo, imebainika haikuwa sahihi, na gazeti linaomba radhi kwa usumbufu. Basi. Hayakusema nini hakikuwa sahihi. Hayakutaja baba mdogo, hayakutaja msiba. Aliyesoma ukurasa wa mbele wiki tatu nyuma, hata kama angeona kile kiberiti, asingejua kimefuta nini.

Miezi kadhaa baadaye nilinunua karanga pale stendi, zimefungwa kwenye karatasi ya gazeti kama kawaida. Nilipoifungua nikaona nusu ya uso wa yule dada na maneno matatu ya kichwa cha habari changu. Nilisimama pale stendi karanga zimo kiganjani, sikuweza kuzila.

Hilo ndilo ninalolibeba ninapolinganisha njia hizi.

Gazeti la udaku

Faida kubwa ya gazeti ni kwamba lina anwani. Lina leseni chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, ile iliyochukua nafasi ya Sheria ya Magazeti ya 1976, lina mhariri mwenye jina, lina ofisi ambayo mtu aliyeumizwa anaweza kwenda kugonga mlango. Kati yako na msomaji kuna angalau mtu mmoja anayeweza kukataa. Mhariri mzuri atakuuliza maswali ambayo wewe umeyaruka: nani mwingine ameona, upande wa pili unasemaje, stori imebalansiwa? Yule wangu hakuuliza, lakini nimefanya kazi na waliouliza, na stori zangu tatu ziliwahi kufia mezani kwao. Leo nawashukuru.

Malipo ni madogo, tena ya mara moja. Kama umesikia kwamba stori moja hununua pikipiki, aliyekusimulia alikuwa anazungumzia nchi nyingine.

Kwenye kurudisha neno, gazeti lina nguvu moja na udhaifu mmoja. Nguvu ni kwamba nakala zina idadi na masahihisho yana mahali pa kukaa, yaani toleo linalofuata la gazeti lile lile, mikononi mwa wasomaji wengi wale wale. Udhaifu ni saizi. Kosa hupewa ukurasa wa mbele kwa herufi za kuonekana ng'ambo ya barabara, radhi hupewa kiberiti.

Haikuandikwa popote kwamba lazima iwe hivyo. Uingereza, mwaka 1987, gazeti la The Sun lilichapisha mfululizo wa stori za aibu kumhusu mwanamuziki Elton John, zikitegemea maneno ya kijana mmoja aliyelipwa. Baadaye kijana yule aliliambia gazeti pinzani, Daily Mirror, kwamba alizitunga kwa ajili ya pesa. Desemba 1988 The Sun lilikubali kulipa pauni milioni 1, na radhi ikatoka ukurasa wa mbele, jina la Elton John likiwa kwenye kichwa cha habari. Angalia mambo mawili hapo. Radhi ilikaa pale pale kosa lilipokaa. Na muuza stori mwenyewe ndiye aliyelifungua fundo, aliposema hadharani kwamba alidanganya. Nimelifikiria hilo la pili kwa miaka mingi. Mimi nilimwandikia mhariri tu. Sikusema kwa jina langu, mahali ambapo watu wa Bagamoyo wangenisoma.

Mfano wa upande wa pili ni wa Marekani. Machi 1976 gazeti la udaku la National Enquirer liliandika mistari michache kwamba mchekeshaji Carol Burnett alifanya vurugu mgahawani jijini Washington na kubishana na Henry Kissinger, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi hiyo. Mwezi uliofuata likatoa masahihisho mafupi, likisema limeelewa kwamba mambo hayo hayakutokea na linasikitika kama amepata fedheha. Burnett hakuridhika, akaenda mahakamani, na mahakama ikaona masahihisho yale yamekwepa na hayakukamilika. Mwaka 1981 baraza la wazee wa mahakama lilimpa dola milioni 1.6. Jaji akazipunguza, kisha rufaa ikazipunguza tena, na kufikia 1983 zilibaki dola 200,000. Kwa kipimo cha mahakama ile, kile kiberiti changu cha ukurasa wa saba kisingepita.

Kwa hiyo ukichagua gazeti, ongea na mhariri kabla hujampa stori, usisubiri itoke. Mwulize: ikibainika nimekosea, mtasahihisha ukurasa upi? Akicheka, umejibiwa, funga simu yako uondoke.

Kuna jambo jingine la gazeti linalohusu mtandao pia, nilitaje hapa. Stori nyingine ni kiki. Msanii ana wimbo unatoka Ijumaa, anajionyesha Jumanne getini kwa hoteli na mtu asiyetarajiwa, stori inatoka, Jumatano anakanusha, na kule kukanusha kunakuwa stori ya pili. Nilizijua kwa sababu simu ya kunidokeza ilitoka kambini kwake mwenyewe. Ukiona staa ameshuka garini taratibu mno mbele ya watu wenye simu, jiulize nani amekuita uone. Katika kiki anayelipia mara nyingi ni yule wa pembeni, yule aliyejitanda mtandio, ambaye huenda aliombwa tu aje apigwe picha na hakuambiwa itaitwaje kesho.

Mtandao

Binti wa jirani aliniuliza hili kwa hamu zaidi, maana gazeti kwake ni kitu cha kufungia karanga. Kurasa za ubuyu za Instagramu, chaneli za YouTube, magrupu ya WhatsApp, huko ndiko watu wa umri wake wanakojua habari za wasanii.

Kwa kasi, hakuna kinacholingana nao. Video ya sekunde kumi na nne itakuwa imezunguka Tanga, Arusha na Muscat kabla hujamaliza kuosha vyombo vya chakula cha usiku. Kwa pesa, sikiliza vizuri: wengi wanaotuma stori kwenye kurasa hizo hawalipwi chochote. Wanatuma inboksi, mwenye ukurasa anaweka, anapata wafuasi, wafuasi wanamletea matangazo. Aliyetuma anabaki na bando lililoisha.

Kwenye kurudisha neno ndipo mtandao unaponitisha. Watu hudhani kufuta ni kurudisha. Utafuta kwako, na mwenye ukurasa akikuhurumia atafuta kwake, lakini ilishapigwa skrinshoti, ilishawekwa kwenye status, ilishapakuliwa na mtu aliyeikata sauti yako akaweka yake. Gazeti langu lilimalizika pamoja na karanga. Video haimaliziki. Na hata mwenye ukurasa akiwa muungwana akaweka masahihisho, watakaoyaona si wale walioiona ya kwanza, kwa sababu huko hakuna ukurasa wa saba wala wa mbele. Watu husukumiwa kile kinachowasha wengi, na radhi haiwashi mtu.

Kisha kuna sheria, na hapa nakuomba usinipite haraka. Ukiiweka mwenyewe kwenye akaunti yako, huna mhariri wa kujificha nyuma yake. Wewe ndiye mchapishaji. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa akijua kuwa ni za uongo au za kupotosha kwa nia kama ya kumchafulia mtu jina, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka anayeendesha blogu au TV ya mtandaoni awe na leseni. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatukumbusha kwamba taarifa za mgeni hotelini si mali ya aliyemtandikia kitanda. Yule binti hakuwa amefikiria kwamba video ile inaonyesha namba ya chumba. Nilimwonyesha. Namba ya chumba inaeleza nani alikuwa na funguo za ghorofa ile siku ile, na siku hiyo ghorofa ile ilikuwa yake.

Kwa hiyo kati ya gazeti na mtandao, nikiambiwa nichague moja kwa stori ambayo nina hakika nayo, nachagua gazeti bila kusita. Kwa stori ambayo sina hakika nayo, tofauti yake ni kubwa zaidi, maana kosa la gazeti nimeliona linavyouma na nimeliona linavyoisha.

Meneja wake

Huku ndiko vijana wanakoambiwa kuna pesa ya kweli. Mpigie meneja, mwambie una video, atakununulia kimya.

Nitasema wazi. Ukimwambia mtu "nipe kiasi fulani la sivyo naianika", hujauza stori. Umedai pesa kwa vitisho, na hilo ni kosa la jinai. Ujumbe wako wa WhatsApp ndio utakaosomwa mahakamani. Hata ukiandika kwa lugha laini, "bosi tuangaliane", hakimu wa pwani anajua Kiswahili.

Kuna namna nyingine ya mlango huu ambayo haina vitisho, nayo ni pale mnunuzi mwenye pesa anapoinunua stori ili isitoke. Mwaka 2016 kampuni iliyomiliki National Enquirer ilimlipa mwanamitindo Karen McDougal dola 150,000 kwa stori yake kuhusu Donald Trump, kisha ikaifungia kabatini. Baadaye kampuni yenyewe ilikiri kwa waendesha mashtaka kwamba lengo lilikuwa stori isiathiri uchaguzi. McDougal alilazimika kufungua kesi 2018 ili apate tena haki ya kuyasema maisha yake mwenyewe, na wakamalizana mwezi mmoja baadaye. Ukiilinganisha na gazeti la kawaida, unapata pesa zaidi na unapoteza kitu ambacho gazeti halikuchukulii. Ukiona umekosea, huwezi kusahihisha. Ukiona ulikuwa sahihi, huwezi kusema. Neno limeshakuwa la mtu mwingine.

Katika miaka yangu yote ya udaku sikuupita mlango huu, na sijamwelekeza mtu.

Kimya

Kimya hakilipi, na kwa binti anayelipwa mwisho wa mwezi kwa kuhesabiwa vyumba, hilo si jambo dogo. Lakini ndiyo njia pekee kati ya hizi nne ambayo kesho unaweza kuibadilisha. Usiposema leo, bado unaweza kusema wiki ijayo, ukiwa umeshajua zaidi. Njia tatu nyingine hazina huruma hiyo.

Lakini kimya kina mpaka. Kama ulichokiona ni mtoto aliyeletwa chumbani na mtu mzima, au mtu anapigwa, hiyo haikuwa stori ya staa tangu mwanzo. Hiyo ni ya Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, au namba 116 kama ni mtoto, na usiku ule ule. Usimpelekee mhariri wa udaku jambo la namna hiyo hata kidogo. Ataifanya kichwa cha habari, na mtoto atabaki na picha yake meza za magazeti.

Kama umeshauza na umekosea

Hapa wengi hukata tamaa, na mimi nilikaribia. Njia za kurudisha ziko tatu kwa aliyeumizwa, na wewe uliyeuza unaweza kumsaidia katika kila moja.

Mhariri ndiye wa kwanza na wa haraka zaidi. Shida ni kwamba ukimwachia aandike mwenyewe, ataandika "haikuwa sahihi" na "usumbufu", kama nilivyoonyesha. Mpelekee maneno yakiwa tayari, na mwombe ukurasa ule ule.

Baraza la Habari Tanzania ndilo la pili. Liliundwa 1995 na wanahabari wenyewe, na linapokea malalamiko ya mtu aliyechafuliwa na chombo cha habari, kisha linawakutanisha pande mbili. Halimfungi mtu jela. Nguvu yake ni kwamba mhariri anakaa meza moja na yule aliyemwandika, anamtazama usoni. Kwa familia ya Kaole, ambayo haikutaka pesa ila ilitaka neno "msiba" liandikwe, hapo ndipo ningewapeleka kama ningekuwa na akili niliyonayo leo. Walipoona ule ukurasa wa saba walichoka, wakaacha.

Mahakama ni kwa mwenye wakili, muda na moyo. Inaweza kutoa fidia ambayo wengine hawawezi. Lakini Burnett na umaarufu wake alisubiri miaka mitano mpaka hukumu ya kwanza, na katika miaka hiyo mitano stori inasomwa upya kila kesi inapotajwa.

Katika njia zote tatu, kitu chenye uzito kuliko vyote ni barua ya aliyeuza stori. Ina hatari kwako, nisikufiche. Ukikiri kwa maandishi, barua hiyo inaweza kutumika dhidi yako, na kama unaweza kumpata mwanasheria aisome kwanza, fanya hivyo. Mimi bado nasema iandikwe. Iliyonipasa kuandika 2007 ilikuwa fupi:

"Mimi ndiye niliyeleta habari ya dada huyu iliyotoka ukurasa wa mbele. Niliandika kwamba alilala hotelini Bagamoyo na mwanamume. Mwanamume huyo ni baba yake mdogo. Walikuja kumzika bibi yao Kaole, wakalala vyumba tofauti kwa kuwa nyumba ya msiba ilijaa. Sikumuuliza yeyote kabla ya kuandika. Naomba radhi kwake, kwa mama yake na kwa baba yake mdogo."

Inataja kosa lilikuwa nini, inataja ukweli ni upi, inasema nani amekosea, na inaomba radhi kwa watu, haiombi radhi kwa usumbufu. Ukilinganisha masahihisho yoyote utakayoahidiwa, yalinganishe na hayo manne. Likikosekana moja, mwambie mhariri aongeze.

Nimchagulie nani nini

Kama umeona kwa macho yako, una mtu wa pili aliyeona, umezungumza na mhusika au watu wake, na jambo lenyewe linawahusu wengine kweli, kama promota aliyekula viingilio vya watu na tamasha halikufanyika, peleka gazetini, kwa mhariri atakayekubali kukutajia ukurasa wa masahihisho. Kama umeona nusu, umesikia nusu, kaa nayo. Kama ni pesa tu unayoitafuta, malipo ya gazeti hayafiki hata mshahara wa wiki mbili ambao hoteli itaacha kukulipa ikijua ni wewe. Mtandao simshauri mtu wa hoteli kwa namna yoyote. Meneja, hapana.

Yule binti alisikiliza yote haya akiwa anazungusha simu mkononi. Kisha akaniambia wenzake wawili wana video hiyo hiyo, kwa hiyo asipoitoa yeye watatoa wao. Inawezekana. Nilimwambia basi awaite na wao, nitawapikia chai ya tangawizi na vitumbua, niwaambie habari ya mama aliyekaa kwenye kiti changu cha plastiki na khanga ya msiba kichwani.

Na kesho asubuhi, kabla zamu yake haijaanza, tunakwenda wote wawili kwa yule mlinzi wa geti. Nina swali moja la kumuuliza: mwanamke yule wa mtandio ni nani?